Usipande Hapa

Mume wangu wanamwita Breki, na asiyemjua hudhani ni kwa sababu anazitengeneza. Ni kweli anazitengeneza. Ni fundi baiskeli tangu hajaota ndevu, na chumba chetu cha mbele, ambacho wanawake wenzangu wangekiita sebule, kina cheni zinazoning'inia ukutani, matairi yaliyopangwa mpaka darini, beseni la maji meusi la kutafutia tundu la tyubu, na harufu ya solusheni, gundi ya viraka, ambayo imeshaingia hadi kwenye mapazia. Lakini jina hakulipata humo. Alilipata njiani, kwa sababu hajui kupita kitu bila kusimama. Mimi humwita hivyo nikiwa nimekasirika, yaani karibu kila siku.

Kila Jumapili asubuhi watu wa mjini huja na baiskeli zao za milimani, zenye matairi mapana ya meno na gia za kubadilisha kwa kidole, ili awapitishe mashambani. Njia yenyewe ni nzuri, siwezi kuisingizia. Inakata katikati ya mahindi na alizeti, na kumetulia mpaka unasikia cheni yako mwenyewe. Unapanda kilima taratibu, unateremka mbio hadi kwenye kijito, unavuka, unapanda tena. Wenzetu hao wanapenda mteremko. Wanapenda tope liwarukie migongoni ili wakirudi kwao waonekane wametoka vitani. Breki anawapa mteremko kidogo, kisha anainua mkono. Wote wanakamata breki kwa pupa, wa nyuma anakaribia kumvaa wa mbele, na yeye ameshashuka zamani, ameinama kwenye nyasi.

"Hili jiwe," anasema, "mnaliona hili jiwe?"

Wanaliona. Nani asiyeona jiwe? Lakini watalisikiliza jiwe hilo mpaka jasho liwakaukie mwilini. Na hilo ni la kwanza tu. Mbele kuna kisima cha kale chenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye maji. Kuna boma, nitalisema. Kuna jiwe la kinu cha kukamulia mafuta, duara, pana kuliko meza yetu ya chakula. Na mwisho kuna stesheni iliyokufa, reli zimeng'olewa, limebaki dirisha la tiketi kwenye ukuta ambao nyuma yake hakuna chumba. Breki husimama hata kwenye dirisha hilo, akainama, akachungulia, kana kwamba leo huenda kukawa na mtu.

Mimi hukaa nyuma ya wote, na ndiyo maana wananiita Mama Nyuma. Karia ya baiskeli yangu imebeba pampu, viraka, maji ya kunywa na kitambaa cha mtu atakayejichubua. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna anayeachwa njiani. Kwa mwanamume huyu hakuna anayeweza kuachwa. Konokono akijiunga nasi Jumapili atatuomba tuongeze mwendo.

Wala si kwamba sikuonywa. Siku aliyokuja kwetu kuniposa tulimngoja mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mama alianza kunitazama kwa huruma. Mwishowe baba akatoka kwenda kumtafuta, naye pia akapotea. Kumbe baiskeli ya bwana harusi mtarajiwa ilikuwa imelala kwenye majani karibu na lile boma lililo shambani kwetu, na wawili hao walikuwa wamechuchumaa wanapima mawe kwa mashubiri. Waliporudi walikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mmezungumza?" mama akauliza.

"Tumezungumza sana," baba akajibu.

Kuhusu ukuta. Jambo langu ilibidi likumbushwe na mama, tena kwa kukohoa. Baba akasema kijana anafaa, ana subira. Miaka yote tangu hapo nimekuwa nikijiuliza aliiona wapi subira hiyo, maana nyumbani mwenye subira ni mimi.

Sasa hilo boma. Ni ukuta wa mawe uliojipinda, mrefu kuliko mtu, umezunguka uwanja mtupu wenye vichaka. Nani aliujenga hakuna ajuaye. Breki hajui vilevile, na kutojua kwake huchukua muda mrefu kuliko kujua kwa mtu mwingine. Mbele ya boma, tangu mimi mtoto, kumesimama kibao cha chuma kilicholetwa na watu wa ofisi ya mambo ya kale. Waliteremka kwenye gari, wakachimba, wakasimika, wakaondoka bila kumsalimia mtu. Herufi nyeupe, kubwa: USIPANDE HAPA.

Baba yangu alikuwa mtiifu kwa serikali kupita kiasi. Alikisoma kibao, akakielewa, akatii. Tangu siku hiyo jembe halikugusa kipande kilichouzunguka ukuta huo, upana wa mikokoteni miwili kupishana. Si mhindi, si haragwe. Mwaka mmoja boga lilijiotea lenyewe mle. Baba akamtuma kaka yangu aling'oe, na kaka, ambaye alikuwa mtoto mwenye huruma na mimea, akaling'oa maua akaacha mizizi, boga likarudi. Alichapwa kwa ajili ya boga hilo. Sisi wengine tulikuwa wapi? Juu ya ukuta. Utoto wangu wote niliumalizia juu ya ukuta ule, na baba akipita chini na jembe begani alikuwa akisema tu, "Msianguke."

Wageni wa Jumapili nao walikuwa na lao. Wakifika kwenye kibao wanashuka, wanaanza kuzisukuma baiskeli kwa adabu.

"Pandeni, pandeni," Breki anawaambia. "Hicho ni cha wakulima."

Wanapanda, tunaendelea. Maana kile kipande kisicholimwa ndicho kilichokuwa njia yetu. Upande mmoja wa boma kuna kinamasi cha kumeza gurudumu zima, upande wa pili ni barabara kuu ya malori ya mchanga. Ukitoka kisimani kwenda kwenye kinu na stesheni huna pengine pa kupita ila hapo, ukutani, kwenye ardhi ngumu ambayo baba aliiogopa. Bila hiyo njia hakuna Jumapili, na bila Jumapili hakuna watu wa kuleta baiskeli zao kutengenezwa siku za kazi. Zaidi ya hayo, hakuna Breki.

Breki mwenyewe ndiye aliyejipalia makaa. Wageni walikuwa na tabia ya kuuparamia ukuta ili wapigwe picha. Jumapili moja daktari wa meno, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alipanda hadi juu na baiskeli yake begani, akatabasamu, na safu ya juu ya mawe ikaondoka chini ya miguu yake. Hakuumia. Breki hakumgombeza. Aliyaokota mawe moja moja kwa mikono miwili, akayarudisha, na mdomo wake ulikuwa ukitembea kama mtu anayembembeleza mtoto. Jioni akaniambia ataenda ofisi ya mambo ya kale. Anataka walete kibao cha kukataza watu wasipande juu ya ukuta.

"Ofisi ikikusahau ni bahati," nikamwambia. "Iache isahau."

"Ukuta unaanguka, mke wangu."

"Umekuwa ukianguka tangu hatujazaliwa."

Nilikuwa naongea na mlango. Akaenda. Akaambiwa mhusika yuko nje, njoo Jumatatu. Akaenda Jumatatu, mhusika yuko kwenye mkutano. Alikwenda mpaka mlinzi wa getini akawa anamuuliza habari za nyumbani na kumletea baiskeli yake aitazame. Mtu mwingine angechoka. Huyu amezoea kusimama.

Hatimaye wakamtuma afisa, binti mmoja mpole mwenye miwani, na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope. Tulikutana naye bomani. Breki alikuwa amevaa shati la kunyooshwa. Kaka yangu naye alikuwapo, maana tangu baba afariki shamba analilima yeye. Afisa aliuzunguka ukuta polepole, akapiga picha, akagusa mahali mawe yalipolegea, akatikisa kichwa.

"Jamani," akasema, "huu ukuta umeliwa na miguu. Watu wanapanda hapa kila siku?"

"Hapana, dada," kaka akajibu haraka. "Hapa hatujapanda kitu. Hata punje."

"Naona alama za viatu mpaka juu."

"Viatu, sawa. Lakini kupanda, hapana. Marehemu baba alikataza kabisa. Kibao si hicho hapo?"

Afisa akakitazama kibao, kisha akamtazama kaka. "Ndicho ninachosema. Kibao kinasema msipande."

"Na hatujapanda."

"Mmepanda, kaka yangu. Mmepanda mpaka juu kabisa."

"Sasa juu ya mawe kutaota nini?"

Nilimwona Breki akivua kofia. Maana ya pili ya neno ilimfika yeye kwanza. Alikitazama kile kibao alichokipita maisha yake yote, akakisoma upya kwa midomo, neno kwa neno, na uso ukamshuka. Alikuwa amekwenda ofisini Jumatatu zote zile kuomba kibao ambacho kilikuwa kimesimama pale tangu hajaanza kunyoa.

Afisa naye akaelewa. Akakaa juu ya jiwe. "Mlidhani ni kupanda mbegu," akasema taratibu.

"Kwani shambani kuna kupanda gani kwingine?" kaka akauliza.

Binti wa watu akaeleza kwa upole kwamba kilichokatazwa ni kupanda ukutani, na kwamba kulima hakuna neno, mradi jembe lisiguse mawe. Aliyasema kwa nia njema kabisa. Alidhani anatuletea habari nzuri. Macho ya kaka yalikizunguka kile kipande chote, kutoka kibaoni hadi kwenye mtaro wa barabara kuu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "bure."

Nataka nijue ni nani aliyekaa ofisini siku ile akaandika lile neno. Kiswahili kina kukwea. Kina kuparamia. Kina kudandia. Aliyapita yote hayo, akachagua neno ambalo mkulima huamka nalo asubuhi, akaenda kulisimika katikati ya shamba lake. Hasira zilinipanda, nazo hazikusoma kibao. Nilimkasirikia mwandishi yule, nikamkasirikia baba kaburini kwa kutii bila kuuliza, na njiani kurudi nyumbani nikamkasirikia aliyekuwa karibu zaidi.

"Nilikwambia iache isahau," nikasema.

Breki alikuwa akiisukuma baiskeli yake. Hakujibu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ofisi, ambayo haijawahi kuharakisha kitu, ilileta kibao kipya upesi kuliko tulivyotarajia. NI MARUFUKU KUPARAMIA UKUTA HUU. Kiswahili safi, hakina kona. Kesho yake kaka akaingia na jembe.

Breki alimfuata. Nilikuwapo, nimesimama pembeni, katikati ya mume na ndugu wa tumbo moja, mahali ambapo simwombei mwanamke yeyote asimame.

"Shemeji," Breki akasema, "niachie upana wa usukani tu. Kamstari."

"Shemeji, nakuheshimu." Kaka hakuacha kulima. "Lakini nilichapwa kwa ajili ya boga. Baba amekufa anaogopa boga. Sasa nimeambiwa ardhi ni yangu, halali, na wewe unataka niiache tena kwa ajili ya watu wanaokuja kutoa jasho la kujitakia?"

Na mimi sikuweza kumlaumu kaka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukiwa na hasira unataka walau mmoja awe na makosa.

Jumapili iliyofuata tulijaribu barabara kuu. Tulipanga mstari mmoja, nikawa nyuma kabisa nimevaa koti la kung'aa, roho mkononi. Lori la mchanga likaja likipiga honi tangu mbali, likatupita karibu sana hivi kwamba niliona kutu kwenye bawaba za mlango wake. Daktari wa meno aliyumba, akaingia mtaroni. Tulimtoa mzima, ametapakaa tope jeusi, na gurudumu lake la mbele limekunjika vibaya. Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Breki aliwakusanya pale ukingoni. "Rudini nyumbani," akawaambia. "Nikipata njia nitawaita. Simpeleki mtu kufa kwa sababu ya jiwe."

Hakupata njia. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa imelimwa.

Nilidhani atanung'unika. Nilikuwa nimejiandaa kwa manung'uniko, nina majibu yangu tayari. Badala yake akawa mtu wa kawaida. Alifungua chumba cha mbele asubuhi, akaziba matundu, akafunga jioni. Siku moja nilimtuma dukani solusheni, nikaweka birika jikoni kwa hesabu zangu za siku zote, kwamba akienda dukani atasimama kwenye daraja, atasimama kwenye kisiki, atasimama kwenye nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi, na mimi nitakunywa chai yangu kwa amani na kufua na kuanika. Maji hayajachemka, mtu kaingia mlangoni, ameshika kopo la solusheni.

"Hukusimama popote?" nikamuuliza.

"Nisimame nione nini?"

Akaliweka kopo mezani, akakaa. Miaka yote nilimwomba Mungu mwanamume huyu ajifunze kupita. Amejifunza, na nyumba ikawa haikaliki. Nilikuwa namkuta kila mahali. Nikigeuka yupo. Nikifagia, nafagia kuizunguka miguu yake. Na ule ukimya. Mimi nimeolewa na kelele za mawe, sikuolewa na ukimya. Nilijikuta siku moja nakung'uta mkeka nje nikilia, na nilipojiuliza nalia nini, jibu lilinitia hasira kuliko kilio chenyewe.

Mawingu yalipoanza kujikusanya nilijua kaka hatangoja. Nikaitoa baiskeli yangu, pampu na viraka vikiwa bado kwenye karia, nikaenda.

Nilimkuta mwanzoni mwa kipande, karibu na kibao kipya. Udongo ulikuwa umelimwa vizuri, laini, mweusi, mistari imenyooka kama ya daftari. Mkononi alikuwa na kopo la mbegu za maharage.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au kulaumu?"

"Nimekuja kuchukua changu."

"Chako kipi?"

"Baba alipofariki tulikaa sebuleni kwa mama," nikasema. "Ukasema, dada, wewe umeolewa, una kwako, shamba niachie mimi. Nikasema sawa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sikusema sitaki urithi. Nilisema sawa."

Kaka akaliweka kopo chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona moshi ukitoka kwenye paa lake mwenyewe. "Leo? Mvua hiyo hapo, na wewe unakuja kudai shamba leo?"

"Shamba ni lako, umelitumikia. Mimi nataka hiki." Nikamwonyesha kwa mguu. "Kuanzia hapa kibaoni, kuuzunguka ukuta, mpaka kule mtaroni. Hili ndilo fungu langu kwa baba. Silitaki jingine, wala watoto wangu hawatakuja kudai jingine."

"Hiki hakijawahi kuzaa kitu."

"Basi huwezi kusema nimekunyang'anya mavuno."

Alishika kiuno, akautazama udongo wake. Nilimwonea huruma, kwa kuwa ulikuwa umelimwa kwa mapenzi. Mtu halimi hivyo kwa hasira peke yake.

"Unajua baba alinichapa wapi?" akauliza. "Hapo hapo ulipoegemeza baiskeli."

"Najua. Nilikuwa juu ya ukuta, nakutazama."

Akageuka kuutazama ukuta, hadi juu, pale tulipokuwa tukikaa miguu ikining'inia. Kitu kikamtikisika usoni, akakizuia. Kaka yangu ni mgumu kucheka akiwa amenuna, hupenda kumaliza kununa kwanza.

"Wote mlikuwa juu," akasema. "Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa chini na boga."

"Na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekisoma kibao."

Upepo wa mvua ukapita kwenye mahindi ya jirani.

"Haya," akasema. Na sasa aliuliza kama mkulima anavyomuuliza mkulima mwenzake, bila mzaha. "Tuseme nimekuachia. Utapanda nini?"

"Baiskeli."

Alinitazama. Kisha akainama, akaokota kopo lake la maharage, akalifunga kifuniko kwa kiganja.

"Udongo nimeshauvuruga," akasema. "Siushindilii mimi. Ukanyage mwenyewe."

Nikaukanyaga. Nilipanda baiskeli yangu nikaingia kwenye mistari ile, na gurudumu likazama hadi nusu ya spoku. Nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena. Kwenda, kurudi. Udongo laini hauna huruma na mapaja ya mama wa umri wangu. Nilimtukana moyoni aliyeandika kibao cha kwanza, nikamtukana na wa cha pili kwa kuwa mwerevu baada ya kazi kuharibika. Kaka alikaa juu ya jiwe akinitazama nikihangaika. Halafu akaondoka, nikajua amenuna tena. Lakini alirudi anaendesha baiskeli yake nzito ya kubebea mizigo, gunia la mbolea limefungwa kwenye karia, akaingia nyuma yangu bila neno. Gunia lile lilikuwa linashindilia kuliko mimi. Tukawa tunauzunguka ukuta, yeye na mimi, watu wazima na akili zetu, hata mpita njia mmoja akasimama akatuuliza kama tumepoteza kitu.

Nadhani huyo mpita njia ndiye aliyempelekea Breki habari, au labda Breki mwenyewe aliona pampu haipo akajiuliza nimekwenda wapi nayo. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka nilipomwona anakuja kutoka upande wa kisima. Alifika kwenye kibao. Akakamata breki, akateremsha mguu mmoja chini, akasimama.

Alitazama alama za matairi kwenye udongo, zimepishana, zimeuzunguka ukuta wote. Akamtazama shemeji yake na gunia. Akanitazama mimi, tope hadi magotini. Macho yakarudi ardhini, kwenye mstari mmoja ambapo udongo ulikuwa umeanza kuwa mgumu, na nikaona mkono wake unainuka polepole, kidole kimenyooka, mdomo unafunguka. Namjua. Alikuwa anataka kuanza kueleza, na mvua ile ilikuwa inakuja yote.

"Breki," nikamwambia, "panda."